Shamba darasa la mlimani: kuanzia kipande kilichochoka

Nafanya kazi na vijana wanaoanza kilimo kwenye miteremko ya Uluguru, Morogoro. Shamba darasa ni shamba ambalo wakulima hujifunzia pamoja, kwa kujaribu na kujionea wenyewe. Hivi ndivyo tunavyofanya.

1. Chagua shamba bovu. Robo eka yatosha. Msimu wangu wa kwanza nilichukua shamba la kando ya barabara ili wageni walione. Kumbe zamani palikuwa zizi! Mahindi yalistawi kote, tulipotia samadi na tusipotia. Kijana mmoja akauliza, "Sasa hapa tunajifunza nini, mwalimu?" Sikuwa na jibu.

2. Andikishaneni na mwenye shamba mbele ya mtendaji wa kijiji: misimu mingapi, mavuno ya nani. Shamba likishanona, maneno hubadilika.

3. Kusanya watu 20 hadi 30, asubuhi moja kwa wiki. Isiwe siku ya gulio.

4. Pimeni kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa mmoja, usiopanda wala kushuka. Funga vichwa vya miti miwili ya mita 2, tanua miguu, kisha funga mti wa tatu katikati, ipatikane herufi A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Weka alama kamba inapogusa mti wa katikati, halafu geuza, kila mguu ukae palipokuwa mwenzake, uweke alama ya pili. Kamba ikitulia katikati ya alama hizo, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Upepo ukivuma, subirini. Jiwe linalocheza hudanganya.

5. Chimbeni "fanya juu". Ni mtaro unaofuata kontua, wa sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo ukirushwa upande wa juu uwe tuta. Anzeni na mtaro wa juu kabisa. Mkianzia chini, mvua ya kwanza itaufukia. Juu ya tuta pandeni matete, ng'ombe naye apate chake.

6. Linganisheni. Kipande kimoja limeni kwa mazoea, cha pili kwa mbinu mpya. Kila wiki, watu watano watano wakague mimea kumi, wahesabu wadudu, wachore walichokiona. Mtindo huu ulianza kwa wakulima wa mpunga Indonesia mwaka 1989. Ukiulizwa "huyu mdudu gani?", usikimbilie jina. Uliza amekutwa wapi na anakula nini. Kwangu hili ndilo gumu kuliko kuchimba.

7. Nendeni ofisi ya kijiji kabla ya kuhitimu. Anayekodi kwa msimu mmoja hachimbi matuta, amchimbie nani? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, basi mwombaji ajue mkutano ni lini. Mwenye shamba lake tayari aulizie hati ya hakimiliki ya kimila. Mke na mume wanaweza kuandikwa pamoja. Siku ya kupima mipaka, majirani wote wawepo. Mpigie simu jana yake yule mwenye kawaida ya kuchelewa.