Umechelewa kufaili kwenye kesi ya anti-damping? Soma hapa kabla hujakata tamaa

Kamwene wadau wa Mafinga, Njombe na kwingine. Wengi tunataka kupeleka asali na plaiwudi Marekani, safi sana, ila jueni siku viwanda vya kule vikilalamika kwamba mnauza bei ya kutupa (hiyo ndo kesi ya anti-damping), Wizara yao ya Biashara inawatumia dodoso refu lenye dedlaini, na hapo ndo watu wanapoumia. Jibu lisipofika wanakupigia ushuru kwa taarifa walizookota kwingine, tena wanachagua zile za kukuumiza.

Anza na saa. Mwisho wa kufaili huwa saa 11 jioni ya Washington, ambayo huku ni saa 6 usiku, na wao wakiwa kwenye baridi ni saa 7 usiku. Andika ukutani kwa saa yetu.

Ukiona hutamaliza, omba kuongezewa muda KABLA dedlaini haijapita. Hapa nasisitiza sana jamani, maana ukiomba kabla unahitaji sababu nzuri tu, ukiomba baada wanataka jambo la dharura kabisa ambalo usingeweza kulizuia, kama mafuriko, vita au ugonjwa wa ghafla. Intaneti kugoma siku ya mwisho hawaihesabu! Kampuni ya asali ya China, Dongtai Peak, iliomba muda siku 2 baada ya dedlaini, ikataja sikukuu na kompyuta kusumbua, wizara ikakataa na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema wizara iko sawa.

Sasa kama umeshachelewa, usikae kimya hata usiku mmoja. Faili jibu lenyewe pamoja na ombi, kisha eleza kila siku iliyopotea ilienda wapi na uambatanishe ushahidi: cheti cha hospitali, imeili, skrinshoti yenye saa. Huruma ya mahakama ipo, mwaka 2012 kwenye kesi ya Grobest ya kamba wa Vietnam, kampuni moja ilichelewesha fomu yake kama miezi 3, ila Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya kule ikaona wizara imekosea kuikataa, kwa sababu kazi ya kuipitia ilikuwa ndogo na uamuzi wa mwisho bado ulikuwa mbali. Kwa hiyo kwenye barua yako onyesha hayo mawili waziwazi, kwamba kupitia karatasi zako hakuwachoshi na muda bado wanao, mi naona hiyo ina nguvu kuliko kurasa kumi za kuomba radhi.

Waliowahi kuomba muda Mahakama ya Rufaa ya kwetu wanaijua hii, kesi ya Bushiri Hassan ilishasema hata siku moja ya kuchelewa lazima uitolee maelezo. Mimi nina daftari mezani, umeme ukikatika saa 2:10 usiku naandika, ukirudi saa 5 naandika, na wakili wangu napigia usiku huohuo.