Somo: Pima kasi ya nywele zako kabla ya kusema hazikui

Watu wawili wakinyoa siku moja kwa mashine ileile, baada ya miezi sita mmoja anasuka mistari na mwenzake bado anapitisha brashi. Sababu ni namba tatu. Kuna kasi, yaani milimita zinazoota kwa mwezi. Kuna muda, yaani miaka ambayo kila unywele unaendelea kukua kabla ya kupumzika na kung'oka. Na kuna hasara, yaani kiasi kinachokatika njiani. Mbili za kwanza umezirithi kwa sehemu kubwa. Ya tatu iko mikononi mwako na mwa msusi wako. Anayelalamika kwamba nywele zake hazikui, mara nyingi zinakua vizuri ila zinakatika kwa kasi hiyohiyo.

Wastani wa kawaida ni sentimita 1 kwa mwezi. Vipimo vya watafiti vimeonyesha nywele za watu wenye asili ya Afrika huota karibu milimita 8 kwa mwezi, na za watu wa Ulaya na Asia Mashariki karibu milimita 12. Ndani ya kila kundi watu hutofautiana sana, ndiyo maana inabidi upime kichwa chako mwenyewe.

Muda wa kukua kwa nywele za kichwani ni kati ya miaka 2 na 6. Piga hesabu: milimita 8 kwa miezi 24 ni sentimita 19, kwa miezi 72 ni sentimita 58. Ndugu wa tumbo moja wenye kasi sawa wanaweza kuishia mmoja juu ya mabega, mwingine mgongoni, hata pasipo unywele mmoja kukatika. Nyusi nazo hukua miezi michache tu kisha zinasimama, ndiyo maana hazihitaji kupunguzwa kila wiki.

Vifaa: rula ya plastiki yenye milimita, mashine ya kunyolea, chupa ya kupulizia maji, kondishena, vibanio viwili, kitambaa cheupe na daftari.

Hatua ya 1. Nyoa alama. Kisogoni, sentimita 3 juu ya mstari wa nywele, mahali panapofunikwa, nyoa kipande cha sentimita 1 kwa 1 hadi kwenye ngozi. Tumia mashine, usitumie wembe: wembe huacha ncha chini ya ngozi, na nywele za kipilipili zikijikunja hapo huleta vipele. Mwenye ngozi inayoota makovu makubwa aruke hatua hii. Kama umeweka dawa ya kulainisha nywele au rangi, mpaka kati ya nywele mpya na za zamani unatosha kuwa alama.

Hatua ya 2. Pima fungu la jirani. Kando ya kipande hicho chukua nywele 20 hadi 30. Lowanisha, paka kondishena, zinyooshe taratibu bila kuvuta. Weka sifuri ya rula kwenye ngozi, usome pale nyingi zinapoishia. Usisome unywele mmoja mrefu kuliko wenzake. Kosa kubwa hapa ni kupima zikiwa kavu: nywele za kipilipili hujikunja hadi nusu ya urefu wake au zaidi, na unyevu wa siku hiyo unabadilisha jibu.

Hatua ya 3. Pima tena fungu hilo, pamoja na kipande ulichonyoa, baada ya siku 30, 60 na 90. Mwezi mmoja hautoshi, kwa kuwa kosa la milimita 2 kwenye rula ni robo ya ukuaji wote wa mwezi. Baada ya siku 90 kosa hilohilo halina uzito. Usipime umbali kati ya ngozi na mwanzo wa rasta za kusuka, maana rasta huteleza.

Hatua ya 4. Piga hesabu ya kutoa. Tuseme kipande kilichonyolewa kimefikia milimita 24. Fungu la jirani lilikuwa 140, sasa ni 149. Zimeota 24, zimebaki 9, kwa hiyo 15 zimekatika. Hapo hakuna mafuta ya kukuza yatakayokusaidia. Tatizo liko kwenye ncha. Lakini kama zimeota 24 na fungu limeongezeka 23, unatunza vizuri na hiyo ndiyo kasi yako.

Hatua ya 5. Kagua zinazotoka. Chana juu ya kitambaa cheupe. Unywele wenye kidoto cheupe upande mmoja umeng'oka baada ya kumaliza muda wake, na 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Usio na kidoto umekatika.

Hasara ikiwa kubwa, anza na chanuo: chana nywele zikiwa na maji na kondishena, kutoka nchani kurudi kwenye shina. Kisha tazama ratiba ya dawa. Mwenye kasi ya milimita 8 akirudia dawa baada ya wiki 4, msusi hana nafasi ya kuipaka bila kugusa sehemu iliyokwisha kulainishwa, na ni hapo kwenye mpaka zinapokatika. Asubiri wiki 10 hadi 12. Ratiba ya jirani mwenye milimita 12 haikufai.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, mwalimu. Nikifumua baada ya wiki sita natoa rundo la nywele. Je, ni ugonjwa?*
Dada, siku 42 kwa nywele 50 ni 2,100, na kwa 100 ni 4,200. Zilishang'oka, zikashikiliwa na msuko. Tazama vidoto vyeupe. Usipoviona, hapo kuna tatizo.

*Kunyoa mara kwa mara hakuongezi kasi?*
Hapana, kaka. Mtafiti Mildred Trotter wa Marekani alipima ndevu zilizonyolewa mwaka 1928 akakuta kasi na unene havibadiliki. Ncha iliyokatwa ni butu, ndiyo maana mkono unahisi nywele nene.

*Vidonge vya bayotini je?*
Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 za vitamini hii kwa siku, na mayai, maini na karanga vinachangia vizuri. Vidonge vingi vina 5,000 au 10,000. Asiye na upungufu sijaona sababu ya kuvinunua, tena vinaweza kuharibu majibu ya vipimo vya damu vya thairoidi (tezi ya shingoni) na vya moyo. Ukivitumia, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu.

*Nimejifungua miezi mitatu iliyopita, zinatoka kwa mafungu. Ni kwa sababu ya kunyonyesha?*
Hongera, mama. Si kunyonyesha. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nywele nyingi zisiingie kwenye mapumziko; baada ya kujifungua zinaingia pamoja, na miezi miwili hadi minne baadaye zinang'oka pamoja. Kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka. Homa kali nayo hufanya hivyo. Ukiwa na uchovu usioisha au moyo kwenda mbio, omba upimwe damu, madini ya chuma na thairoidi.

*Msusi anasema akibana sana zinavutika na kurefuka. Pembeni mwa paji zimepungua.*
Kuvuta hakurefushi, kunaumiza shina. Msuko unaouma usiku wa kwanza au kuleta vipele pembeni ufumuliwe siku hiyohiyo. Sasa ipumzishe sehemu hiyo kabisa, bila uzi wala mistari. Angalia kwenye mwanga: kama kuna vinyweleo vyembamba, mashina yapo hai. Ngozi ikiwa laini, inang'aa na haina vitundu, mwone daktari wa ngozi mapema, kwa sababu shina likishakuwa kovu halioteshi tena.