Kufufua bunduki ya upepo iliyokwisha kutumika

Bunduki ya upepo ya mtumba inapopiga kwa unyonge, fundi mwenye haraka husema springi imechoka na kutafuta nyingine ngumu zaidi. Ushauri huo huwa na makosa mara nyingi, kwa sababu hewa ikiwa inavuja, springi ngumu huongeza mtikiso tu. Maelezo haya yanahusu aina inayokunjwa mtutu wakati wa kukokiwa, ambayo ndiyo rahisi kutengenezwa nyumbani.

Kabla ya kulipa, nenda kituo cha polisi uulize nyaraka zinazotakiwa, kwa kuwa Tanzania ina sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, na maneno ya muuzaji hayatakukinga.

Anza nje. Hakikisha haina kidonge (risasi yake ndogo) ndani wala haijakokiwa, kisha kaza skrubu zote zinazoshika mti, yaani mbao ya bunduki, kwa maana skrubu zilizolegea peke yake zinatosha kutawanya shabaha. Baada ya hapo weka kidonge, tandika ukanda mwembamba wa karatasi laini juu ya kiungo cha mtutu, pale mtutu unapokutana na silinda, na upige kwenye gunia la mchanga. Karatasi ikiruka, wosha ya kiungo inavuja. Maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, huuza oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za vipimo vingi, na kama ya asili ilikuwa ya ngozi, fundi viatu anaweza kukukatia nyingine. Usijaribu kamwe kupiga bila kidonge, kwani pistoni, inayosukumwa na springi kubana hewa, hukosa mto wa hewa na kugonga mwisho wa silinda. Vilevile usiguse kifyatulio mtutu ukiwa umekunjwa: hujifunga kwa nguvu ya kuvunja vidole.

Bunduki iliyokaa Kigamboni au Msasani huwa imeshaliwa na hewa ya chumvi. Kutu ya nje huondolewa kwa stilwaya laini na mafuta mepesi, bila tupa. Ndani ya mtutu, vuta kitambaa kwa mshipi wa kuvulia, ukianzia upande wa kuwekea kidonge, ili usikwaruze mdomo wake.

Ikiwa bado ni dhaifu, ndipo uifungue. Hapa pana hatari ya kweli: springi huwa imebanwa hata bunduki isipokokiwa, na pini ya mwisho ikichomolewa ovyo, vyuma huruka usoni. Azima klampu ndefu ya seremala, kama zile za mafundi samani wa Keko, ubane nyuma ya silinda, uchomoe pini, kisha ulegeze taratibu hadi springi iishiwe na nguvu.

Viringisha springi juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda; ibadilishe kwa yenye unene uleule wa waya na idadi ileile ya mizunguko. Kisha tazama wosha ya pistoni. Ya ngozi iliyokauka haijafa, bali huhitaji kulowekwa kwenye mafuta usiku kucha na kukamuliwa vizuri. Ya plastiki iliyopasuka haina dawa. Wamiliki wengi humimina oili ya injini ndani ya silinda, wakidhani wanaitunza, ilhali hewa inayobanwa ghafla hupata joto la kutosha kuwasha mafuta hayo. Mlio mkali wenye moshi ni dalili ya mlipuko unaomaliza wosha na springi, wala si ya nguvu. Safisha silinda kwa mafuta ya taa, mbali na jiko, uikaushe, kisha paka grisi nyeusi ya molibdenamu kidogo sana kwenye springi na ubavu wa pistoni, na isifike mbele ya wosha.

Meno ya kifyatulio yaache yalivyo, kwani yakinolewa bunduki inaweza kujifyatua.

Ukishaifunga, ipime kwa mita 10 kwa vidonge vya aina moja, vya milimita 4.5 au 5.5 kulingana na mtutu. Moshi kidogo mwanzoni ni wa kawaida. Matundu yakiendelea kutawanyika, shika mtutu uutikise kushoto na kulia: ukicheza, kaza bolti ambayo mtutu hukunjia kabla ya kulaumu shabaha.