Pikipiki inachemka: anza na oili kabla ya spana

Tone la maji likidondoka juu ya hedi, yaani kichwa cha injini, likalia "chwaa" na kukauka, hiyo si dalili ya kuchemka. Injini inayopozwa kwa upepo, kama za bodaboda nyingi za cc 125 na 150, hedi yake huvuka nyuzi 100 ikiwa nzima kabisa. Dalili za kweli ni nyengine: nguvu zinapungua kila ukienda, injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo ukipanda mlima, harufu ya oili iliyoungua inakufuata.

Ikifika hapo simama kivulini, zima, subiri nusu saa. Usiimwagie maji, hedi ya alumini hupinda au kupasuka.

Kisha tazama oili, chombo kikiwa wima kwenye stendi ya kati. Vyombo vingi hivi vinabeba kiasi cha lita 1 tu, kwa hivyo ikipungua robo lita hasara si ndogo. Ikiwa imeongezeka na inanuka petroli, kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inafurika: itengeneze, mwaga oili yote, weka mpya ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha chombo.

Tope jekundu la Pemba likikaukia baina ya mapezi ya silinda, zile bapa nyembamba za kupozea, upepo haupiti. Lisugue kwa mswaki, injini ikiwa baridi.

Plagi ndiyo inayosema mengi kwa rangi ya ncha yake, ila isomwe baada ya mwendo mrefu. Ukiifungua baada ya kuunguruma kituoni itakudanganya. Hudhurungi ni nzuri. Nyeupe kama chokaa maana yake petroli ni chache kuliko hewa: ama jeti, kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, imeziba, ama injini inavuta hewa kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Washa injini ikiwa baridi, nyunyiza maji ya sabuni kuuzunguka mpira huo. Mlio ukibadilika, umepasuka au bolti zimelegea. Wengi hubadilisha jeti bure, kosa liko kwenye mpira.

Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inabana au mnyororo umekazwa mno. Mnyororo uachie ucheze sentimita 2 hadi 3. Na milima ya njia ya Mkoani, ukiwa na abiria na gunia la karafuu, teremsha gia mapema. Injini inayolazimishwa kupanda kwa gia kubwa huchemka hata kama haina kasoro.

Chombo chenye rejeta, yaani kinachopozwa kwa maji, usifungue kifuniko chake mpaka rejeta ishikike kwa kiganja. Usijaze maji ya kisima. Ya kwetu yana chokaa, huziba njia. Tumia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, au, mpaka uipate, maji ya betri yasiyo na asidi. Hakikisha feni inazunguka injini ikipata moto. Rejeta ikijaa, kifuniko kikiwa wazi, injini ikiwashwa ingali baridi, na mapovu hayaishi kutoka, gasketi ya hedi, ile ya kuziba baina ya hedi na silinda, imeungua.