Namna ya Kumsaidia Mzee Anayepungukiwa na Uwezo wa Kuona

Mzee akianza kumimina maji nje ya kikombe, au kupapasa ngazi kwa mguu kabla ya kukanyaga, usikubali kwamba ni uzee tu. Kwanza pimeni kila jicho peke yake, kwa kuwa jicho zima huficha ubovu wa mwenzake kwa muda mrefu. Avae miwani yake ya kusomea, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, atazame mistari ya daftari na kueleza anachokiona, kisha abadilishe. Mistari ikipinda, au doa likitokea katikati, huenda makula imeathirika, yaani sehemu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso. Ukungu na mwanga wa taa unaotawanyika mara nyingi hutokana na mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibiwa kwa upasuaji wa kuondoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia. Glakoma, yaani presha ya macho, haigunduliki kwa njia hii, maana huanza kula pembezoni mwa uoni kimyakimya na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo apelekwe kwa daktari wa macho hata anaposema kwamba anaona vizuri. Akiona ghafla mimweko, vidoa vingi vinavyoelea au kivuli kama pazia, afikishwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu.

Nyumbani, taa iwekwe ubavuni, karibu na anachokitazama, isimpige usoni. Kingo za ngazi zibandikwe utepe wa rangi inayotofautiana na ngazi yenyewe, na kopo moja la dawa lizungushiwe mpira mwembamba mmoja, jingine miwili, ili ayatofautishe kwa kupapasa. Usihamishe kiti bila kumwambia. Mnapotembea usimvute mkono. Mwache akushike juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua.

Lipo jambo ambalo wazee wengi hulificha wakihofia kudhaniwa wamerukwa na akili: baadhi ya waliopungukiwa na uoni huona watu, wanyama au maumbo yasiyokuwapo. Hali hii hupewa jina la Charles Bonnet, mwanazuoni wa Geneva aliyeieleza mwaka 1760 baada ya kumsikiliza babu yake. Hutokea kwa sababu ubongo hujitungia picha pale macho yanapoacha kuzileta. Muulize mzee wako faraghani na kwa upole. Akikiri, mweleze kwamba hali hiyo si wazimu, kisha mwende pamoja kwa daktari ahakikishe kwamba hakuna sababu nyingine.