Pipa la vifuu halifunguliwi likiwa na joto

Wanaochoma vifuu vya nazi ili kupata mkaa wa kuamilisha, yaani wa kufunguliwa vitundu vidogo sana ndani yake ili uchuje maji, wanajua kukausha, kupakia pipa na kuwasha. Hayo siyarudii. Kinachowashinda wengi ni kungoja. Pipa linazibwa jioni, alfajiri mfuniko umeshatolewa, na jua likichomoza robo ya mkaa ni majivu. Wapo wasiongoja hata hiyo alfajiri: saa mbili tatu tu, wanafungua na kumwagia ndoo ya maji.

Pigeni hesabu ya hasara kwanza. Kilo 100 za vifuu vikavu zikichomwa vizuri hutoa mkaa wa kilo 25 hadi 30 hivi. Kila kilo inayogeuka majivu pipani, basi, imebeba kilo tatu au nne za vifuu ulivyookota, ukavianika na kuvichambua makumbi. Na hiyo si hasara ya uzito tu. Mkaa mzuri wa vifuu huacha majivu kidogo, takriban gramu 2 hadi 4 katika kila gramu 100. Ukifungua mapema, kiwango hicho kinapanda, na majivu hayo yanabaki ndani ya vipande vinavyoonekana vizima. Hayachuji chochote, yanaziba vitundu, tena yanaongeza ualkali (kinyume cha uchachu) wa maji yatakayopitishwa humo. Mnunuzi anayepima majivu atakurudishia mzigo wote.

Mkaa ulio ndani ya pipa lililozibwa haujazimika. Umenyimwa hewa tu. Haukuwaka usiku kucha kwa sababu oksijeni iliisha, wala si kwa sababu ulipoa, kwa hiyo ukifungua unaurudishia kilichokosekana. Angalia vipande vya juu: vina utando mwembamba wa kijivu, utadhani vimelala. Upepo ukipita kidogo, vidoa vyekundu vinajitokeza chini ya utando huo, kisha vinasambaa. Hata mkaa ambao hauna chembe ya moto una hatari yake, maana mkaa mpya hunyonya oksijeni kwa pupa, na kunyonya huko kwenyewe kunazalisha joto. Ndiyo maana magunia yaliyofungwa asubuhi yanaweza kuwaka usiku stoo bila mtu kuyasogelea na kiberiti.

Sasa vipimo, na tafadhali msivipunguze. Moshi mweupe mzito ni unyevu unaotoka. Ukigeuka wa manjano, lami ndiyo inatoka. Subiri mpaka ubaki mwembamba wa kibuluu, karibu hauonekani, ndipo uzibe. Ziba matundu ya chini kwanza, halafu mfuniko, kwa udongo wa mfinyanzi uliolowa au mchanga mbichi. Rudi baada ya nusu saa ukague, kwani udongo ukikauka hupasuka, na ufa mwembamba unatosha kuula mkaa usiku mzima. Ziba ufa huo kwa udongo mwingine. Andika kwa chaki ubavuni mwa pipa saa uliyoziba. Nimekuta mapipa matatu yamepangwa mstari na hakuna anayekumbuka lipi lilizibwa lini!

Pipa la lita 200 linangojwa saa 24 kamili tangu kuzibwa. Zikitimia, weka kiganja ubavuni, katikati na chini. Bati liwe baridi kama ardhi ya kivulini. Likiwa na uvuguvugu, ondoka. Masharti ni yote mawili, si mojawapo. Bati hupoa kabla ya kiini, na kiganja peke yake kinadanganya, hasa mvua ikinyesha. Tanuri la matofali linahitaji siku kadhaa. Baada ya kufungua, tandaza mkaa kwa unene usiozidi sentimita 10, chini ya paa, mbali na nyumba na stoo, uuache hapo saa 24 nyingine kabla ya kufunga magunia.

Kuhusu ile ndoo ya maji. Wengine wanaitetea: viwandani mkaa huamilishwa kwa mvuke, basi maji juu ya mkaa mwekundu si ndiyo mvuke wenyewe? Hapana. Kuamilisha kwa mvuke kunataka nyuzi joto 800 hadi 1000, mvuke upite mfululizo kwa saa nyingi, hewa isiingie. Ndoo yako inashusha joto kwa sekunde chache, basi. Inachozalisha kwa hakika ni mvuke wa kukubabua uso, pamoja na kaboni monoksidi na haidrojeni: gesi ya sumu na gesi ya kulipuka, ndani ya pipa ulilolikodolea macho. Maji ya chumvi nayo yanaacha chumvi kwenye vitundu, na mkaa uliolowa unakatwa uzito mezani kwa mnunuzi.

Kwa hiyo kinachotoka pipani ni mkaa ghafi, malighafi ya kuamilisha. Gramu moja ya mkaa ulioamilishwa vizuri ina eneo la ndani la mita za mraba 1000 hivi. Huu wa pipa haufiki hata karibu. Kuuza huu kama kichujio cha maji ni kudanganya watu.

Wenye tanuri la mvuke msijione mmesalimika. Mkaa ukishaamilishwa una vitundu vingi zaidi, ukiwa na joto nao huungua ukipata hewa, na mvuke umeshaula nusu yake au zaidi, kwa hiyo kila kilo ni ghali. Utoeni ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko, mkizibe papo hapo, kisifunguliwe mpaka kipoe kabisa. Wanaoamilisha kwa asidi ya fosforiki badala ya mvuke, kwenye nyuzi 400 hadi 600, wangoje vilevile, ndipo waoshe mpaka maji ya suuza yafike pH (kipimo cha uchachu) 6 au 7.

Pipa lisipoe ndani ya chumba, kwa ajili ya ile kaboni monoksidi. Na mtu asiingie kwenye tangi lenye mkaa ulioamilishwa uliolowa. Unanyonya oksijeni ya humo ndani, na anayeingia huanguka kabla hajaita.

Mkaa uliofaulu hulia kama chuma ukidondoshwa sakafuni na mpasuko wake hung'aa.

Nikiwauliza kwa nini mlifungua mapema, jibu ni moja: pipa lilihitajika kwa vifuu vya leo. Basi ongezeni pipa la pili. Moja likipoa, lingine linawaka, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kugusa mfuniko kabla ya saa iliyoandikwa kwa chaki.