Kupata cheti cha kifo cha ndugu aliyefariki kijijini: mwongozo kwa familia za Mkoa wa Dodoma

Familia nyingi za vijijini hukikumbuka cheti cha kifo pale tu ofisi fulani inapokidai: hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anayesikiliza maombi ya usimamizi wa mirathi, benki yenye akiba ya marehemu, mfuko wa PSSSF au NSSF unaoshughulikia mafao ya wategemezi, au Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inayotaka uthibitisho kwamba mwombaji amefiwa na mzazi. Wakati huo miezi au miaka imekwisha kupita, karatasi zimepotea, na mashahidi wamehama au wao wenyewe wametangulia mbele ya haki. Nimewasindikiza ndugu kadhaa katika shughuli hii wilayani Bahi na Chamwino, na kila mara nimeona kwamba ugumu haukuanzia dirishani kwa msajili. Ulianzia kijijini, katika zile siku mbili tatu za msiba, jina la marehemu lilipoandikwa kwenye karatasi kwa mara ya kwanza.

Tutofautishe kwanza nyaraka mbili ambazo watu huzichanganya. Karatasi inayotolewa hospitalini au na mtendaji, ambayo rasmi ni tangazo la kifo na ambayo wengi wetu tunaiita kibali cha mazishi, ni taarifa tu; inawawezesha kuzika na inampa msajili mahali pa kuanzia. Cheti cha kifo ni hati inayotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, ambayo kwa Tanzania Bara husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Wilayani kazi hiyo ni ya Msajili wa Vizazi na Vifo wa Wilaya, na kwa kawaida ofisi yake mtaikuta katika jengo la Mkuu wa Wilaya, si katika halmashauri. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu aliyepanda gari alfajiri kutoka Mpwayungu au Haneti, akaanzia halmashauri na kupanga foleni huko, anaweza kumaliza asubuhi nzima bila kufika anakotakiwa.

Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Muda huo ukipita haki yenu haijapotea, ila ushahidi utakaodaiwa utakuwa mwingi zaidi.

Ikiwa ndugu amefariki katika kituo cha afya au hospitali, ombeni tangazo la kifo kabla ya kuuchukua mwili, na mlisome hapo hapo, neno kwa neno. Kifo cha ajali, au chenye utata wowote, hupitia polisi na uchunguzi wa daktari kwanza. Kifo cha nyumbani ndicho kinachosahauliwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayewazuia kuzika. Mzee huugua, hufariki usiku, majirani hukusanyika, kaburi huchimbwa, na hadi kuanua matanga hakuna aliyekwenda kwa mtendaji wa kijiji. Naomba kila ukoo umteue mtu mmoja, si mfiwa mkuu wala mjane, bali kijana au mtu mzima anayejua kusoma vizuri, ambaye kazi yake katika msiba itakuwa kutoa taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, kupata karatasi yenye saini na mhuri, na kuikabidhi kwa mtu mwaminifu aihifadhi.

Huyo mtu asiende mikono mitupu. Abebe kitambulisho cha Taifa cha marehemu, au kadi ya mpiga kura, au kadi ya bima ya afya, au cheti cha ubatizo, kutegemea kilichopo, kisha ahakikishe kwamba jina linaandikwa kama lilivyo kwenye hati hiyo na si kama linavyotamkwa mtaani. Kwetu Ugogo jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu amebatizwa Yohana, nyumbani anaitwa Mazengo, wajukuu wanamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na benki inamjua kwa jina la babu yake lililogeuzwa kuwa ubini. Majina yenye herufi za l na r, au yale yanayoanza na Chi na wengine wakayaandika kwa Ki, huandikwa kwa namna mbili tatu katika familia moja. Alipofariki shangazi yangu sisi wenyewe tulitaja jina alilozoeleka nalo kijijini, likaandikwa hivyo, na cheti kikatoka hivyo. Kitabu chake cha benki kilikuwa na jina la ubatizo. Binti yake alilazimika kula kiapo cha tofauti ya majina, kutafuta barua ya mtendaji, na kurudi wilayani mara tatu, wakati wa masika, barabara zikiwa tope, kwa fedha ambazo zingetosha kununua mbegu za msimu mzima.

Pamoja na jina, hakikisheni tarehe ya kifo, umri, na mahali kifo kilipotokea. Tarehe iliyo kwenye tangazo ndiyo itakayotakiwa kulingana na muhtasari wa kikao cha ukoo utakaopelekwa mahakamani baadaye, na hakimu makini huzilinganisha hati hizo.

Kuhusu mahali pa kuandikisha, kinachoangaliwa ni wilaya ambamo kifo kilitokea, si wilaya alikozaliwa marehemu wala alikozikwa. Mtu wa Kongwa aliyefia katika Hospitali ya Benjamin Mkapa amefia Jiji la Dodoma; aliyefia Muhimbili amefia Dar es Salaam, hata kama mwili ulisafirishwa usiku huo huo ukazikwa Kibaigwa. Wanaotafuta kumbukumbu za zamani wazingatie pia kwamba mipaka imebadilika. Wilaya za Bahi na Chamwino zilitokana na Dodoma Vijijini mwaka 2007, na Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Kwa hiyo anayetafuta cheti cha mtu aliyefariki Kwamtoro au Farkwa kabla ya mwaka huo ana sababu ya kuulizia Kondoa kwanza, japo vijiji hivyo leo viko Chemba.

Siku ya kwenda wilayani, chukueni tangazo la kifo halisi pamoja na nakala yake, kitambulisho cha marehemu, kitambulisho cha mwombaji, na barua ya utambulisho ya mtendaji inayoeleza uhusiano wa mwombaji na marehemu. Mtajaza fomu, mtapewa namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba, nanyi mtalipa kwa simu au benki. Fedha za serikali hulipwa kwa namba hiyo na risiti yake hutolewa. Yeyote anayeomba fedha mkononi ili aharakishe faili, awe amevaa kitambulisho au awe kishoka anayezunguka nje ya jengo, asipewe. Maombi yanaweza pia kufanywa kwa intaneti kupitia mfumo wa eRITA, ambapo nyaraka hupigwa picha na kupakiwa. Njia hiyo huwafaa watoto wanaoishi mbali, lakini picha iliyofifia au iliyokatwa pembeni hurudishwa, kwa hiyo ni bora karatasi ipigwe skani kwenye duka la stesheni (stationery) kuliko kupigwa picha na simu chini ya mti.

Kabla ya kuondoka na cheti, simameni pale pale mkisome. Kosa linaloonekana siku hiyo hurekebishwa kwa maelezo mafupi. Likionekana baada ya mwaka linahitaji maombi mapya na vielelezo.

Waliochelewa sana, pengine kwa miaka, waanze kwa kuunda upya ushahidi uliokosekana: barua ya mtendaji inayothibitisha kifo na maziko, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina na saini za waliohudhuria, kumbukumbu za kanisa au msikiti kama zipo, kadi ya kliniki au ya kulazwa hospitalini, na kiapo cha ndugu wa karibu. Nawashauri waende kwa msajili wakiwa na vyote walivyonavyo na kumwachia aseme kipi kinatosha, kuliko kubahatisha na kurudi kila wiki. Mjane mzee asisafirishwe bila sababu. Mtoto au ndugu mwingine wa karibu anaweza kuomba akiwa na vitambulisho na barua.

Kwa vijana wanaotarajia kuomba mkopo wa elimu ya juu kuna hatua moja zaidi. Bodi ya Mikopo haitosheki na nakala ya cheti. Inataka cheti kiwe kimehakikiwa na RITA, na uhakiki huo huombwa kupitia mfumo wa RITA. Kijana aliyefiwa na baba akiwa kidato cha pili, na ambaye familia haikuandikisha kifo hicho, hugundua pengo hilo dirisha la maombi likiwa limekwisha kufunguliwa. Walezi wanaosoma haya na wanao mtoto wa namna hiyo nyumbani waanze kufuatilia sasa, kabla hajafika kidato cha sita.

Cheti kikipatikana, tengenezeni nakala kadhaa zilizothibitishwa na hakimu au wakili, na hati halisi ipelekwe ofisini kwa kuonyeshwa tu, isiachwe. Andikeni kwenye daftari la familia namba ya ingizo iliyo kwenye cheti, wilaya iliyokitoa na tarehe ya kutolewa, kisha daftari likae nyumba tofauti na ile kilipo cheti. Nyumba ikiungua au panya wakila sanduku, taarifa hizo ndizo zitakazomwezesha msajili kuifikia kumbukumbu iliyoko vitabuni na kutoa cheti kingine.